Sarafu za fedha za Waroma: soma maneno, kisha pima madini



Kiswahili na Kifaransa ziko na jambo moja lenye hatuliangaliake sana. Kwa Kiswahili, fedha ni madini meupe yenye kung'aa, na fedha ni pesa pia. Kwa Kifaransa ni vilevile: argent ni madini, argent ni pesa. Sababu ni rahisi. Kwa miaka mingi sana pesa ilikuwa fedha kweli. Mtu alilipwa madini yenyewe, akashika thamani mkononi. Leo tunasema fedha kwa noti za karatasi na kwa namba zenye tunaona kwenye telefone. Madini yalishatoka, jina likabakia.

Waroma wa zamani walipita njia hiyo mbele yetu, na ushahidi wake ungali unashikika. Ni sarafu za fedha za makaisari wao. Ziko nyingi katika makumbusho, na nyingine ziko mikononi mwa watu binafsi wenye wanazikusanya. Watu wanafikiriaka kama kukusanya sarafu ni mchezo wa matajiri. Hapana. Ni namna moja ya kusoma historia, na mtu anaweza kuianza bila kutoa hata franga moja.

Kabla sijaendelea, shika wazo hili moja. Sarafu ya Roma inasema mara mbili. Picha na maneno zinasema kile serikali ilitaka raia waamini. Uzito na madini vinasema kile serikali ilikuwa nacho kweli. Mara nyingi sauti hizo mbili zinapatana. Mara nyingine zinapingana, na hapo ndipo historia inaanza kuwa tamu.

*1. Dinari ni nini?*

Sarafu kubwa ya fedha ya Waroma iliitwa denarius. Ilianza karibu mwaka 211 kabla ya Kristo, wakati Roma ilikuwa katika vita vikali na Hannibal wa Karthago. Ilikuwa na upana wa karibu milimita 18 hadi 20, na mwanzoni uzito wake ulikuwa karibu gramu 4.5, fedha karibu safi.

Jina denarius linatoka kwa neno la Kilatini la kusema kumi, juu sarafu hiyo ilikuwa sawa na sarafu 10 za shaba zenye ziliitwa as. Baadaye serikali ilibadilisha hesabu: dinari moja ikawa as 16. Lakini hakuna mtu alibadilisha jina. Sarafu ya "kumi" ikaendelea kuitwa kumi wakati ilikuwa kumi na sita. Tayari unaona vile jina la pesa linaweza kubakia nyuma ya hesabu yake.

Sisi tunaijua sarafu hii kuliko tunavyofikiri. Ni ile dinari ya Biblia. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Injili ya Matayo sura ya 20, dinari moja ni mshahara wa siku moja ya kibarua. Waarabu walichukua jina hilo wakatengeneza dinar, na hata leo Algeria, Tunisia na Irak zinatumia pesa yenye jina hilo. Wafaransa walilifanya denier. Wakatoliki wenye kutoa denier du culte kwenye parokia zetu wanataja jina la sarafu ya Roma bila kujua.

Wakati wa Augustus, kaisari wa kwanza (kuanzia mwaka 27 kabla ya Kristo), hesabu ilikuwa hivi: sarafu moja ya dhahabu, aureus, ilikuwa sawa na dinari 25, na dinari moja ilikuwa sawa na sestertius 4. Askari wa kawaida wa jeshi la miguu alipata dinari 225 kwa mwaka. Kumbuka hiyo namba ya askari, tutairudilia.

*2. Nani aliichimba, nani aliipiga?*

Sarafu hizi hazikumwagwa katika kalibu. Zilipigwa kwa nyundo, moja moja. Fundi alichonga picha kwa kinyume juu ya mihuri miwili ya madini magumu. Muhuri mmoja ulikaa chini, juu yake waliweka kipande cha fedha chenye kimepimwa uzito, kisha wakasimamisha muhuri wa pili juu, na mtu mmoja akapiga nyundo kwa nguvu. Ndiyo maana karibu kila sarafu iko na tofauti yake. Moja picha iko katikati, ingine imekwenda pembeni na herufi tatu zimekatika, ingine ukingo wake umepasuka kidogo. Na kwa sababu mihuri ilichongwa kwa mkono, kila muhuri uko na sura yake. Mtaalamu anaweza kuona sarafu mbili na kusema: hizi zilitoka kwa muhuri mmoja.

Na fedha yenyewe ilitoka wapi? Nyingi ilitoka Hispania. Mwandishi Polybius, mwenye aliandika katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anasema kama karibu na mji wa Carthago Nova (Cartagena ya leo) watu 40,000 walikuwa wanafanya kazi katika machimbo ya fedha. Diodorus wa Sicilia anasimulia vile watumwa walichimba chini ya ardhi mchana na usiku, wengi wakafa kwa kazi hiyo. Wandugu wenye wamekulia karibu na machimbo hawahitaji kuelezwa sana.

Kuyeyusha madini hayo kulitoa moshi wenye risasi (ile plomb), na upepo uliubeba mbali sana. Wanasayansi wamepima barafu ya Greenland, wakapata risasi ya wakati wa Waroma ndani yake, mwaka kwa mwaka. Wakati kazi ya machimbo ilipanda, risasi ilipanda; wakati ugonjwa mkubwa wa kuambukiza uliingia katika dola ya Roma kuanzia 165, risasi ilishuka. Sura ya mchimbaji haiko kwenye dinari hata moja, lakini alama ya kazi yake iko kwenye barafu mpaka leo.

*3. Namna ya kusoma sarafu*

Mtu akiona dinari kwa mara ya kwanza anaona herufi zenye zimefungana, hazina nafasi, zimekatwa. Usiogope. Ni vifupisho, na vinarudi vilevile kila mara. Kwanza ujue kama herufi V ndiyo U yao pia. Kisha jifunze hizi chache:

IMP ni imperator, amiri wa majeshi.
CAES ni Caesar, AVG ni Augustus, majina ya cheo cha kaisari.
P M ni pontifex maximus, kuhani mkuu.
TR P ni mamlaka ya tribuni, yenye iliongezwa hesabu kila mwaka. Ukiona TR P na namba, unaweza kupata mwaka wenyewe.
COS ni konsuli, na namba inaonyesha ni mara ya ngapi.
P P ni baba wa taifa. (Ndiyo, hata wao walikuwa na baba wa taifa.)

Sasa chukua dinari moja ya kawaida ya Trajan, mwenye alitawala kuanzia 98 mpaka 117. Upande wa kichwa imeandikwa IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. Upande wa nyuma: COS V P P SPQR OPTIMO PRINC. Tuisome: kwa kaisari Trajan, mshindi wa Wajermani na wa Wadacia, kuhani mkuu, mwenye mamlaka ya tribuni, konsuli mara ya 5, baba wa taifa, Seneti na raia wa Roma kwa mtawala bora kuliko wote. Hayo yote kwenye kitu chenye upana wa kucha ya kidole gumba. Dola haikuwa na radio wala televizyo. Ilikuwa na sarafu, na sarafu iliingia katika kila mfuko, mpaka kwenye mipaka ya mbali.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Katika Injili, wakati Yesu aliulizwa kama inafaa kulipa kodi kwa Kaisari, aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura na maandishi ni ya nani. Wakusanyaji wengi wanaamini ilikuwa dinari ya Tiberius, mwenye alitawala kuanzia 14 mpaka 37. Maandishi yake yanasema: Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus wa kimungu. Sasa fikiria Myahudi wa Yerusalemu, mwenye kuamini Mungu mmoja, analazimishwa kulipa kodi kwa kitu chenye kinamwita kaisari mwana wa mungu. Swali la kodi halikuwa la hesabu tu. Ukiisoma sarafu, unaelewa moto wenye ulikuwa ndani ya ile habari.

Mfano wa tatu unatuingiza katika shida. Mwaka 193 walinzi wa kaisari waliua kaisari Pertinax, kisha wakaweka kiti chake kwa mnada. Didius Julianus aliahidi kila askari pesa nyingi kuliko mwenzake, akapata ufalme. Sarafu zake zinasema CONCORD MILIT, ni kusema umoja wa askari. Alitawala siku 66. Wakati majeshi ya mtu mwingine yalikaribia Roma, hakuna askari wa "umoja" huo alimsaidia. Akauawa.

*4. Madini yanatoka, jina linabaki*

Huyo mtu mwingine ni Septimius Severus. Alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Ni kusema Roma ilipata kaisari kutoka Afrika. Lakini mbele ya kusema alifanya nini na fedha, turudi nyuma kidogo.

Wa kwanza kugusa dinari kwa nguvu ni Nero, mwaka 64. Mbele yake, ratili moja ya Kiroma (karibu gramu 327) ilitoa dinari 84. Yeye akatoa 96. Uzito ukashuka kutoka karibu gramu 3.9 mpaka gramu 3.4. Tena akachanganya shaba zaidi ndani. Shaba, ile yenye wakati wa Zaire ilipatia Katanga jina lake. Wakati wa Trajan, fedha ilikuwa karibu asilimia 80. Septimius Severus aliishusha mpaka karibu nusu.

Juu ya nini? Fanya hesabu mwenyewe. Ukiwa na kilo moja ya fedha safi na unapiga dinari za gramu 3.4 zenye fedha asilimia 90, unapata karibu dinari 327. Ukiweka asilimia 50 tu, unapata karibu 588. Fedha ni ile ile, lakini sasa unaweza kulipa askari wengi zaidi. Na askari walikuwa wanalipwa zaidi: zile dinari 225 za Augustus zilikuwa 300 wakati wa Domitian, na Severus akaongeza tena. Mwanahistoria Cassius Dio, mwenye aliishi wakati huo, anasimulia kama Severus alipokaribia kufa mwaka 211 aliwaagiza watoto wake wapatane, watajirishe askari, na wasijali wengine. Katika dinari zake unaweza kupima agizo hilo kwa balansi.

Mtoto wake Caracalla alileta mwaka 215 sarafu mpya, yenye tunaita antoninianus. Utaitambua haraka: kaisari amevaa taji lenye miale kama jua. Wataalamu wengi wanaamini ilihesabiwa kuwa dinari 2. Lakini ukipima fedha ndani yake, ni ya dinari moja na nusu hivi. Serikali ilikuwa inaomba watu waamini ile nusu ingine.

Kutoka hapo ni mteremko. Katikati ya karne ya 3 mipaka ilivunjika huku na kule. Mwaka 260 kaisari Valerian alishikwa mateka na Shapur, mfalme wa Wapersia. Mtoto wake Gallienus akabaki peke yake, na mwisho wa utawala wake, 268, antoninianus ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Ilikuwa shaba yenye imepakwa utando mwembamba wa fedha juu. Baada ya kupita mikono michache, rangi ya shaba ilionekana.

Na maneno yake? Hapa ndipo nilitaka tufike. Sarafu za Gallienus zinasema PAX AVG, amani ya kaisari. Zinasema SECVRIT PERPET, usalama wa milele. Zinasema ABVNDANTIA AVG, wingi wa mali. Zinasema FIDES MILITVM, uaminifu wa askari. Wakati huo vita ilikuwa kila upande, hazina ilikuwa tupu, na Gallienus aliuawa na maofisa wake mwenyewe karibu na Milano. Kadiri madini yalipungua, ndivyo ahadi ziliongezeka.

Sasa, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Si kila kaisari mwenye aliongeza shaba alikuwa mwizi. Ugonjwa uliua walipa kodi na wachimbaji, maadui walikuwa mlangoni, na askari mwenye hajalipwa anaweza kugeuka adui pia. Na raia hawakuwa wajinga. Walifanya kile hata sisi tunafanyaka: mtu akiwa na noti mbili za dola, moja safi na ingine imechanika kidogo, anajaribu kwanza kutoa ile ya kuchanika, ile safi anaficha. Waroma walificha dinari za zamani zenye fedha nzuri, wakatumia mpya. Ndiyo sababu moja sarafu nyingi zimetufikia. Mwaka 1929 huko Reka Devnia, Bulgaria, waligundua hazina ya sarafu zaidi ya 80,000, karibu zote dinari, zenye zilifichwa katika karne hiyo ya 3 na mwenyewe hakurudi.

Kuna jambo moja lenye linashangaza. Ungefikiri kama bei zilipanda kila mara serikali ilitoa fedha kwenye sarafu. Maandishi ya papyrus kutoka Misri, yenye yanataja bei ya ngano, ya punda, ya kazi, yanaonyesha mambo tofauti. Kwa miaka mingi ya karne ya 3 bei hazikuruka sana, hata wakati fedha ilikuwa inaisha. Watu waliendelea kukubali sarafu kwa sababu jirani aliikubali. Ni karibu mwaka 274, wakati kaisari Aurelian alitoa sarafu mpya ili kutengeneza mambo, ndipo bei ziliruka karibu mara 10. Ni kusema imani ilidumu kuliko madini. Lakini siku imani ilipasuka, ilipasuka kwa mara moja.

Mwaka karibu 294, Diocletian alijaribu kurudisha sarafu ya fedha safi, argenteus, 96 kwa ratili sawa vile wakati wa Nero. Nyingine aliziandika XCVI, ni kusema 96, sawa vile anasema: pima mwenyewe. Lakini hazikutosha, na mwaka 301 alitoa amri ya kupanga bei ya juu kabisa kwa vitu vyote, na adhabu ya kifo juu yake. Mwandishi Lactantius, mwenye hakumpenda, anasema kama vitu vilipotea sokoni. Tangazo halikuweza kufanya kazi ya fedha yenye haikuwako.

*5. Ukitaka kukusanya: mambo matano*

La kwanza: anza na macho, si na mfuko. Shirika la American Numismatic Society liliweka kwenye intaneti orodha yenye inaitwa OCRE, yenye aina zaidi ya 40,000 za sarafu za makaisari, na picha nyingi. Ni bure. Unahitaji mega tu. Makumbusho ya British Museum na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa nayo yanaonyesha sarafu zao bure. Chagua kitu kimoja: kaisari mmoja, au neno moja (FIDES, PAX), au miaka 20 tu. Mwenye anafuata zote hapati hata moja.

La pili: uzee hauleti bei. Sarafu nyingi za Roma ziko na miaka 1,700 na zinauzwa kwa dola chache, juu ziko nyingi. Dinari ya kawaida ya karne ya 2 au ya 3, yenye imechakaa kidogo, mara nyingi inauzwa Ulaya kwa makumi ya dola au kupita kidogo mia moja. Ile ya Tiberius inapanda zaidi, si kwa sababu ni adimu sana, ni kwa sababu Wakristo wengi wanaitafuta. Bei inategemea hali ya sarafu, uhaba wake, wingi wa watu wenye kuitaka, na karatasi zake. Kwa Kifaransa utaona vifupisho TB, TTB na SUP: nzuri sana, nzuri sana sana, bora. Lakini mwenye anauza ndiye mara nyingi anaandika vifupisho hivyo, basi usome picha mbele ya kusoma sifa.

La tatu: ujue bandia. Ziko za zamani na ziko za leo. Wakati wa Waroma wenyewe, watu walichukua shaba wakaifunika na ngozi ya fedha; ndiyo maana unaona dinari fulani zenye mkato wa kisu, mtu alitaka kuona ndani. Karne ya 19, Mjermani Carl Wilhelm Becker alichonga mihuri kwa ustadi mkubwa mpaka makumbusho yakadanganyika. Leo nyingi zinamwagwa katika kalibu. Pima kwa balansi ndogo ya gramu, sawa ile ya wanunuzi wa dhahabu, na linganisha na uzito wenye OCRE inaonyesha. Angalia ukingo: mstari unaouzunguka ni dalili ya kalibu. Angalia kama kuna vitundu vidogo vya hewa. Na ukiona sarafu mbili zenye mikwaruzo ile ile na mpasuko ule ule pahali pamoja, ujue zimezaliwa kwa kalibu moja. Sumaku inasaidia kidogo tu: inakamata chuma, lakini shaba haiikamate, fedha pia haiikamate.

La nne: usisugue. Sarafu yenye imekaa ardhini miaka mingi inapata rangi nyeusi au kijivu, na ndani fedha inaweza kuwa imekauka, inavunjika kama biskuti. Mwenye kusugua na mchanga, ndimu au dawa ya meno anaondoa maandishi na bei pamoja.

La tano, na ndilo kubwa: uliza karatasi. Sarafu ilitoka wapi, nani alikuwa nayo, tangu lini? Hili si jambo la bei tu, na mifano miwili inaonyesha sababu.

Mwaka 1992 huko Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani, rafiki yake akaitafuta na mashine ya kutambua madini. Akakuta hazina. Hakuichimbua yote, aliita wakubwa, wataalamu wakaja kuchimba kwa utaratibu. Walipata sarafu karibu 15,000, zaidi ya 14,000 za fedha, pamoja na vijiko na mapambo, na hata alama za sanduku lenye vilikuwa ndani. Nyingi za zile za fedha zilikuwa zimekatwa kingo: watu walikuwa wananyofoa madini kidogo kidogo. Mwenye kugundua alilipwa vizuri. Leo hazina iko British Museum, na nyundo nayo iko huko.

Mfano wa pili ni wa sarafu ya dhahabu. Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, alitoa sarafu zenye visu viwili na tarehe ya mauaji. Moja iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4. Karatasi zake zilikuwa za uongo. Mwaka 2023 waendesha mashtaka wa New York waliirudisha Ugiriki. Sarafu ilirudi, lakini ilikuwa ardhini karibu na nini, pamoja na nani, hatutajua kamwe. Mwenye aliichimbua usiku aliuza madini, habari akaitupa.

Sisi Wakongo tunaelewa hasara hiyo. Vitu vingapi vya mababu viko Tervuren, Ubelgiji, vizuri, vinaangaziwa taa, bila jina la mwenye alivichonga? Mkusanyaji mwenye kununua bila kuuliza analipa mshahara wa mwizi. Italia, Uturuki, Ugiriki na nchi nyingine ziko na sheria kwamba kile kinatoka ardhini ni mali ya taifa. Ukikosa karatasi, kosa na sarafu.

*6. Kazi ya nyumbani*

Tumezoea kuambiwa vitu kwa maneno makubwa, na cheo cha mwenye kusema kinatosha. Sarafu za Roma zinafundisha utaratibu mwingine: kusoma maneno kwa heshima, kuyaelewa vizuri, kisha kutafuta kitu chenye kinapimwa na kulinganisha. Haisemi kama kila kaisari ni mwongo. Trajan alijisifu kuwashinda Wadacia, na aliwashinda kweli. Inasema tu kama ushahidi wa pili ni lazima.

Basi jaribu wiki hii. Ingia OCRE, andika Gallienus, tafuta FIDES MILITVM. Soma upande wa kichwa kwa vifupisho vyenye nimekupa. Angalia rangi: fedha au shaba? Angalia uzito. Kisha tafuta dinari moja ya Augustus, uweke picha zote mbili pamoja kwenye telefone. Kati ya hizo mbili kuna karibu miaka 270. Andika kwa mistari mitano kile sarafu ya kwanza inasema kwa mdomo, na kile inasema kwa madini.